Nani Mwenye Kitufe

Gari za IT, yaani zinazopita nchini kwenda nchi nyingine, haziishi Tunduma. Usiku na mchana zinateremka kutoka Mbeya zikifuatana: Noah, IST, Harrier, Canter. Vioo bado vina stika za Kijapani, viti vimevikwa nailoni, na badala ya namba za kudumu zimebandikwa namba za safari. Zimeshushwa melini Dar es Salaam, zimepita Morogoro, Iringa na Makambako, zaidi ya kilometa 900, na hapa zinasubiri karatasi zikamilike ndipo zivuke Nakonde, upande wa Zambia. Nyingine zinaishia Lusaka au Kitwe, nyingine zinapitiliza hadi Lubumbashi. Mgeni akiziona anaona biashara ya magari. Mimi niliyeanzia kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha naona na jambo la pili: hizi ndizo bidhaa kubwa za kwanza ambazo watu wa mpaka huu walizinunua kwa intaneti, miaka mingi kabla mtu hapa hajaagiza kiatu kupitia Instagram.

Katikati ya miaka ya 2000 ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja, imeunganishwa na waya wa simu ya mezani. Ukifungua ukurasa wenye picha ya gari, picha inashuka kidogo kidogo kutoka juu: kwanza paa, halafu kioo, halafu taa. Huko Japani kampuni ya Be Forward ilikuwa imeanzishwa mwaka 2004, na mwaka huohuo likafunguliwa soko la tradecarview lililowakusanya wauzaji wengi mahali pamoja. Wafanyabiashara wa Nakonde walivuka kwa miguu, wakakaa kwenye benchi letu, wakasubiri zamu ya kuchagua gari.

Nawakumbuka wengi, lakini yupo mama mmoja muuza dagaa wa kapenta kutoka Mpulungu ambaye alinifundisha kazi kuliko bosi wangu. Alitaka Noah ya kubebea abiria. Nikamprintia karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari lililotazamwa kutoka juu, imejaa maandishi ya Kijapani na vialama vidogo pembeni mwa mchoro.

"Bamayo, hapa mlango wa nyuma wameandika U2," nilimwambia.

"U2 ndiyo nini?"

"Pamebonyea. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, ukiangalia bati unaona mawimbi. Namba inaonyesha ukubwa wa tatizo."

"Na hii tatu na nusu?"

"Maksi za gari zima. Wangeandika R ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa."

Aliishika karatasi ile muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kila alama, kama afanyavyo mtu anayekagua samaki mmoja mmoja kabla ya kulipia gunia. Mwisho akasema mlango unanyooshwa Nakonde kwa hela ndogo, tuma. Fedha zikaenda Japani kwa benki, hati za meli zikaja kwa huduma ya vifurushi, na wiki kadhaa baadaye Noah ikafika Dar es Salaam. Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea palepale palipochorwa.

Jambo hilo lilinigusa. Mtu hajamwona muuzaji, hajaligusa gari, hajui lugha ya karatasi, lakini anatoa maelfu ya dola kwa sababu mkaguzi wa mbali aliandika ukweli kuhusu mlango. Biashara yote ya mtandaoni imesimama juu ya kitu hicho.

Na hicho kitu ni cha zamani kuliko intaneti tunayoijua. Mwaka 1985 Masataka Fujisaki alianzisha Japani kampuni ya Aucnet. Kabla yake, mnada wa magari yaliyotumika ulimtaka kila mwenye gari alifikishe uwanjani, na kila mnunuzi awepo kwa miguu yake. Fujisaki akawatumia wauza magari santuri za leza zenye picha za magari yanayouzwa. Mnunuzi anakaa dukani kwake mbele ya skrini, anaona gari, anatoa bei yake kupitia waya wa simu uliounganishwa na kompyuta kuu. Baadaye picha zikaja kwa setilaiti. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kulizunguka gari na kupiga teke tairi, kampuni ikawapeleka wakaguzi wake kwenda kulipima na kulipa maksi. Hayo yalifanyika miaka kumi kabla Amazon na eBay hazijafungua milango, maana zote mbili zilianza kuuza mwaka 1995. Karatasi niliyomsomea mama wa kapenta ni ndugu wa karibu wa ile iliyomfanya muuza magari wa Japani anunue gari la mkoa mwingine bila kunyanyuka kitini.

Sisi wakati huo tulikuwa wapi? Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikataza kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuziweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda mrama. Katazo hilo lililegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Ndiyo maana watu wengi wa rika langu hawakuiona kompyuta shuleni; waliikuta ukubwani, kazini au kwenye intaneti kafe. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM zikafika Dar es Salaam, kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukajengwa hadi mpakani hapa kuungana na Zambia. Leo mwanga unaobeba mazungumzo ya Lusaka unapita Tunduma, na vijana wanaofungua video kwenye simu hawana habari na ile picha iliyokuwa ikianza na paa.

Sasa nina steshenari yangu. Natoa kopi, naprinti, nawatafutia watu kontroo namba za Serikali, natoa na kuweka hela kwa mitandao yote. Na swali ambalo vijana wa kompyuta huniletea mara kwa mara ni hili: njia ya kufanya biashara kwenye kompyuta au kwenye simu inaweza kuwa mali ya mtu? Kile kitufe unachokibonyeza ukalipa, kina mwenyewe?

Jibu linategemea umesimama nchi gani, na limebadilika na miaka. Nitaanza na Marekani kwa sababu huko ndiko vita vilipiganwa.

Kuna ulinzi wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Hakimiliki inalinda kile ulichokiandika: kitabu, wimbo, programu ya kompyuta. Mtu haruhusiwi kuinakili programu yako, lakini akikaa chumbani kwake akaandika yake mwenyewe inayofanya kazi ileile, hujaibiwa. Hataza ni kitu kizito zaidi. Ni hati ya Serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wote wasitumie uvumbuzi wake kwa muda, huko Marekani miaka 20 tangu siku ya maombi, na kwa upande wake yeye anauweka uvumbuzi wazi ili kila mtu ausome. Mwenye hataza anaweza kukushtaki hata kama hukuwahi kuiona kazi yake, hata kama wazo lilikujia mwenyewe usiku kitandani. Kwa mashine mpya ya kukoboa kahawa, mimi nauona utaratibu huo kuwa wa haki. Mtu amehangaika na vyuma, ale jasho lake. Tabu ilianza pale hataza zilipotolewa kwa njia za kuuza na kununua, mradi tu mwombaji ameandika kwamba zinafanywa na kompyuta.

Tarehe 12 Septemba 1997 Amazon iliomba hataza ya kununua kwa kubonyeza mara moja. Waliotajwa kuwa wavumbuzi ni Peri Hartman, Jeff Bezos, Shel Kaphan na Joel Spiegel. Njia yenyewe inaelezeka hapa mezani kwangu: duka linahifadhi anwani yako na kadi yako ya benki tangu ulipowahi kununua; safari nyingine ukibonyeza kitufe kimoja mzigo unaagizwa na fedha zinakatwa, bila kujaza tena chochote. Hataza ilitolewa tarehe 28 Septemba 1999, namba 5,960,411. Haikupita hata mwezi, Amazon ikawashtaki wauza vitabu wa Barnes & Noble, waliokuwa na njia yao ya mkato ya kununua waliyoiita Express Lane. Tarehe 1 Desemba, wakati wa msimu wa Krismasi ambao wauza vitabu huutegemea kwa mwaka mzima, Jaji Marsha Pechman wa Seattle akawazuia kuitumia. Wakalazimika kumwongezea mnunuzi hatua moja ya ziada: abonyeze, kisha abonyeze tena kuthibitisha.

Nikilieleza hili dukani, wateja hudhani nimekosea. Watu wazima, mawakili, mahakama, kwa ajili ya mara moja au mara mbili? Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mahakama ya rufaa iliiondoa amri hiyo mwaka 2001, ikisema kuna mashaka ya kweli kama jambo lenyewe lilistahili hataza, na mwaka 2002 pande zote zikamalizana nje ya mahakama. Katikati hapo, Apple ilishakubali kulipia ruhusa tangu mwaka 2000. Richard Stallman, mtetezi wa programu huru, aliwataka watu wasinunue Amazon. Mchapishaji wa vitabu Tim O'Reilly alilalamika waziwazi, na Bezos mwenyewe mwezi Machi 2000 akaandika barua ya hadharani akipendekeza hataza za programu na za njia za biashara zidumu miaka mitatu hadi mitano tu. Hataza yake, hata hivyo, aliendelea nayo.

Aliyenifurahisha kuliko wote katika kisa hiki ni Peter Calveley wa New Zealand, mwigizaji aliyewahi kutoa miondoko ya mwili wake kwa ajili ya filamu za Lord of the Rings. Hakuwa wakili wala hakuwa na kampuni ya kompyuta. Mwaka 2006 alikusanya nyaraka za mifumo ya zamani ya malipo na kuiomba ofisi ya hataza ya Marekani iichunguze upya hati ile. Mwaka uliofuata wachunguzi wakakataa sehemu yake kubwa, ingawa Amazon ilirekebisha maneno na kuinusuru mwaka 2010, ikiwa imepunguzwa upana. Huko Ulaya maombi yale hayakukubaliwa. Hataza ilifikia mwisho wake Septemba 2017, na tangu hapo kitufe kimoja ni cha kila mtu.

Kisa cha eBay nitakipitia haraka. Thomas Woolston aliomba hataza ya soko la kielektroniki mwezi Aprili 1995, miezi michache kabla eBay haijaanza. Kampuni yake ya MercExchange ikaishtaki eBay kwa kitufe cha kununua papo hapo bila kusubiri mnada, na mwaka 2003 baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 35. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba kushinda kesi ya hataza hakumpi mtu moja kwa moja haki ya kulifunga duka la mwenzake; lazima mahakama ipime madhara kwanza. Mwaka 2008 eBay wakazinunua hataza husika, mambo yakaisha.

Kesi ya tatu ndiyo ya kwetu hasa, ingawa hakuna Mtanzania aliyetajwa humo. Ili uielewe, nikueleze kwanza biashara ya mchele ilivyokuwa ikifanyika hapa mpakani.

Mtu ana magunia ya mchele wa Mbarali, mwenzake wa Nakonde ana kwacha. Hawafahamiani. Mwenye mchele hataki kuvusha mzigo kabla ya kuona hela, mwenye hela hataki kutoa kabla ya kuona mzigo. Mzee mmoja mwenye duka la mitumba alikuwa akiwatatulia. Kwacha zinahesabiwa mbele ya wote watatu, zinafungwa kwa mpira wa baiskeli, zinaingia kwenye droo yake. Mchele unavuka, unapimwa, kijana anarudi na jibu. Hapo mzee anafungua droo, anampa mwenye mchele chake, anakata ujira wake, wanaagana. Mzigo usipovuka, hela inarudi kwa mwenyewe. Sikuwahi kusikia droo ile imeleta ugomvi.

Biashara ya magari nayo ilihitaji droo kama ile. Matapeli walianza mapema kutengeneza kurasa zenye picha za magari waliyoyaiba kwa wauzaji wa kweli. Kijana mmoja wa Vwawa, mteja wa ofisi yetu, alituma fedha za Canter kwa muuzaji wa namna hiyo, na hadi leo gari halijafika. Masoko makubwa yakaweka huduma ya kumshikia mnunuzi fedha zake mpaka hati za meli zitolewe.

Sasa, kampuni iitwayo Alice ilikuwa na hataza za Marekani za mtu wa kati huyuhuyu, ila yeye akiwa kompyuta: anafuatilia salio la pande mbili, anaruhusu tu malipo ambayo kila upande una uwezo wa kuyatimiza, mwisho wa siku anaamuru fedha zihame. Upande wa pili ilikuwepo CLS Bank, taasisi inayohakikisha benki zinazobadilishana fedha za nchi mbalimbali zinalipana kwa pamoja, asije mmoja akatoa dola na mwenzake asitoe yeni. Kesi ilianza mwaka 2007. Tarehe 19 Juni 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana, hukumu ikaandikwa na Jaji Clarence Thomas: kumtumia mtu wa kati ili kupunguza hatari ya kutolipwa ni desturi ya biashara ya siku nyingi, ni wazo tu, na kulifanya kwa kompyuta ya kawaida hakuligeuzi kuwa uvumbuzi.

Niliposoma habari hiyo nilimfikiria yule mzee na droo yake. Wangeshinda wale, maana yake ni kwamba jambo alilolifanya maisha yake yote, siku ambayo mjukuu wake angeliandika kwenye kompyuta, lingeitwa mali ya mtu wa mbali. Hukumu ya Alice imeziangusha hataza nyingi za aina hiyo huko Marekani, na mimi naiona ni moja ya hukumu zilizowafaa watu wa kawaida duniani, wakiwemo wasioijua.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, ambayo BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ndiyo inayoisimamia Tanzania Bara, imetaja mambo ambayo hayahesabiki kuwa uvumbuzi. Miongoni mwake ni nadharia za kisayansi na za hisabati, na pia mipango, kanuni au njia za kufanya biashara. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1987, kabla ya Amazon na kabla ya simu za mkononi kufika hapa. Kenya nao wameweka katazo la namna hiyo katika sheria yao ya mwaka 2001. Programu yenyewe, kwa maana ya maandishi aliyoyaandika mtunzi, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, mahali pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Matunda ya kuziacha njia za biashara bila mwenyewe unayo mfukoni. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuja Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Baadaye wakaja Zain, ambao sasa ni Airtel, kisha Tigo mwaka 2010, ambao sasa ni Yas, na Halotel nyuma yao. Chukua simu ya kitochi uangalie. M-Pesa ni *150*00#, ya Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Mlango ni uleule, unatofautiana kwenye tarakimu za mwisho. Ukiingia ndani, menyu zinafanana: tuma, toa, nunua muda wa maongezi, lipa bili, namba ya siri. Mama wa kijijini Ileje aliyejifunza mtandao mmoja anautumia mwingine bila kufundishwa. Katika nchi ambako njia ya kutuma hela kwa namba ya simu ingekuwa na hataza, wa kwanza angewafungia wenzake nje kwa miaka 20. Na huyo wa kwanza angekuwa nani? Ufilipino walikuwa wakituma hela kwa simu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mawakala tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla mitandao haijaongea. Ukitumiwa hela kutoka mtandao mwingine unapata ujumbe wenye namba ya kutolea, unatafuta wakala wa mtandao wa mtumaji, na akiwa hana floti unahamia kwa mwingine. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel wakakubaliana hela ipite moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti. Mwaka 2016 Vodacom akaingia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufika hapo, na ninajivunia. Ilitokea kwa mazungumzo ya washindani waliokuwa wakitumia njia moja isiyomilikiwa na yeyote kati yao.

Hata hivyo, uwazi huu una upande unaouma, na siufichi kwa sababu wanaoumia ni vijana wetu.

Kenya mwaka 2012 taasisi ya mikopo ya Faulu iliishtaki Safaricom. Walidai waliwahi kuipelekea Safaricom mpango wao wa kuwakopesha watu kwa simu, Kopa Chapaa, na kwamba M-Shwari iliyozinduliwa Novemba mwaka huo ilikuwa imetokana na mpango wao. Waliomba M-Shwari isimamishwe. Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa, M-Shwari ikaendelea, na leo mikopo ya simu ni jambo la kila siku Afrika Mashariki. Simhukumu yeyote katika kesi ile. Ninachokitoa humo ni kwamba wazo la biashara, ukishalisema mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko wewe, ni vigumu sana kulirudisha.

Hapa Songwe nina kijana ambaye namwita mdogo wangu ingawa hatuna undugu. Alisomea kompyuta Mbeya. Kwao ni Mbozi, kwenye kahawa, na tangu utotoni alimwona baba yake akigombana na karani wa mzani kuhusu kilo. Akaandika programu ya simu kwa ajili ya vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS: mkulima anapima kahawa, karani anaingiza kilo, palepale mkulima anapata ujumbe wenye kilo zake za leo na jumla yake ya msimu. Kazi nzuri, ya uaminifu. Akaipeleka kwa kampuni moja iliyosema inatafuta mawazo ya vijana. Akawaonyesha kila kitu, hata michoro. Walimshukuru, wakamwambia watampigia. Msimu uliofuata chama kimoja cha jirani kilikuwa na mfumo unaofanya jambo lilelile, umeandikwa upya na watu wengine, wala hakuna mstari hata mmoja walioutoa kwake.

Alikuja dukani kwangu amenuna, akiniuliza kwa nini sheria yetu isiwe kama ya Marekani ya zamani, ili angalau awe na hataza ya kumpimia mkulima kilo kwa simu.

"Dada, hili ni langu. Nimelianza mimi."

Nilimwambia akumbuke kitabu cha baba yake. Karani anaandika kilo, mkulima anapewa risiti, jumla inawekwa chini. Hiyo ni njia ya ushirika ya tangu zamani, yeye kaitia kwenye simu. Hataza kama hiyo ikitolewa, yeye angekuwa wa mwisho kuipata, kwa sababu tayari kuna watu wenye mawakili ambao wangeshaandika "njia ya kumjulisha muuzaji uzito wa bidhaa kwa mawasiliano ya simu" na kumdai yeye. Hakuridhika siku ile, na sikumlaumu. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, maana aliyetumia kazi yake ya kufikiri hakumlipa hata nauli.

Lakini kuna mambo ambayo sheria yetu inampa, na tuliyapitia pamoja mbele ya kompyuta. Alichokiandika ni chake tangu siku alipokiandika. Hakimiliki haisubiri usajili, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia kuthibitisha tarehe. Jina na nembo ya programu yake anaweza kuvisajili BRELA kama alama ya huduma, na hilo linafanyika mtandaoni, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu. Na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote ndani ya kazi yake, wasaini mkataba wa kutunza siri, ukurasa mmoja tu, unaosema nini kimeonyeshwa, lini, na kwamba hakitatumiwa bila makubaliano. Mkataba kama huo unafanya pale ambapo hataza haifiki: unamfunga mtu aliyekuona kwa macho, bila kumfunga mtu wa Ileje aliyewaza peke yake jambo hilohilo.

Tulitafuta pia mfano wa watu waliochagua uwazi wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake uliachwa wazi, na yeyote aliruhusiwa kuufungua na kuutafsiri bila kuomba ruhusa ya mwenye mali ng'ambo. Kijana wangu alitumia vipande vingi vya msimbo wa namna hiyo kutengeneza programu yake, na aliliona hilo mwenyewe bila mimi kusema.

Ukurasa ule wa mkataba tuliuandika kwa Kiswahili, nikauprinti nakala nyingi, akaenda nao Mlowo kuonana na viongozi wa AMCOS nyingine. Mwenyekiti aliusoma hadi mwisho, akauliza kama wanachama wake nao wanaweza kuongeza sharti: kwamba kumbukumbu za kilo za wakulima zibaki mali ya wakulima, na programu ikiondoka zisiondoke nayo. Kijana akapiga simu kuniuliza. Nikamwambia aliongeze, na aliandike kwa herufi kubwa.